Kibuyu cha Nusu

Rukanga, 10 Februari 1974

Dada Priscilla,

Kuna sauti imenirudia tangu asubuhi: maji yakigonga ndani ya kibuyu, chwa, chwa, mgongoni mwa nyanya yangu akishuka mlima wa Kasigau nami nikimfuata nyuma. Umeamkaje huko Voi? Joto halijakumaliza? Mimi mzima, na nyumbani wanakusalimu.

Nimeigeuza sauti ile kuwa somo. Katika kipindi cha mazoezi kila mtoto wa darasa la tatu hukumbatia kibuyu chenye maji nusu, akatembea uwanjani. Ukisikia maji, una haraka. Simama, vuta pumzi, anza tena. Kisha tunainua mikono polepole, kama ukungu unavyopanda mlimani. Mwisho tunasimama kwa mguu mmoja, jiwe la mtoni likiwa kiganjani. Mwalimu mkuu, Bwana Fanuel, alichungulia dirishani akauliza, “Mwalimu, hawa wamelala wima?” Nikawageukia watoto. Mbele ya watoto naweza. Mbele ya watu wazima sauti hukataa kutoka, nawe wajua tangu chuoni.

Uliniambia niandike yote, utanipigia taipu hapo ofisi ya elimu unakofanya kazi, ili mkaguzi aone jina langu kabla ya kuniona mimi. Daftari analeta Mwalimu Reuben. Sina jingine.

Mdogo wako,
Wakesho

Voi, 3 Machi 1974

Mdogo wangu Wakesho,

Salamu nyingi kama vumbi la hapa. Mimi sijambo, ila mafua kidogo. Mama yako hajambo? Mwambie zile ndizi tulizila siku moja zikaisha.

Daftari limefika. Wewe msichana, unaogopa watu kana kwamba wanauma. Nimelisoma mara mbili, nikajaribu ule ukungu chumbani, nikivuta pumzi kwa kelele hadi jirani akagonga ukuta. Nimeanza kuchapa. Usiwe na haraka, au nikuletee kibuyu?

Dada yako mkubwa,
Prisca

Rukanga, 9 Juni 1974

Priscilla,

Natumaini u mzima. Barua zangu tatu hukujibu, nikadhani mafua yamekulaza.

Jumanne alikuja mkaguzi, Bwana Nzioka, na karatasi za kugawia shule zote. Nilisoma mstari wa kwanza nikajua mwandiko wangu hata ndani ya taipu. Juu imeandikwa: “Mazoezi haya yametungwa na Mwalimu Priscilla, kama alivyofundishwa na nyanya yake wa Kasigau.”

Nyanya yako yuko Ronge. Nimekula mbaazi jikoni kwake. Kasigau ameiona kwa mbali, siku isiyo na mawingu.

Nilikuwa nikifundisha. Bwana Nzioka akanisimamisha mbele ya watoto. “Mwalimu, hukusoma maagizo? Kibuyu kijazwe pomoni.” Hivyo ndivyo ulivyoandika badala ya nusu yangu, kwa sababu hujawahi kubeba. Watoto wakajaza. Wakatembea, wengine mbio. Mumbe, msichana mdogo wa mstari wa mbele, akatega sikio akasema, “Mwalimu, hiki hakisemi.” Mkaguzi alinitazama, akingoja. Nikainamisha kichwa.

Jina langu ningekusamehe. Nyanya yangu ulimchukuaje?

Wakesho

Voi, 22 Juni 1974

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hasira haijakuharibia afya. Mimi silali vizuri.

Nisikilize. Mkubwa wa ofisi alisomea begani mwangu akauliza, “Hii ni yako?” Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa jibu. Baadaye nilijiambia: nikimtaja Wakesho watamwita, naye atakataa, na kitu kizuri kitafia Rukanga. Wewe ulikuwa na maneno, mimi nina mdomo. Hilo la nyanya ni wao waliotaka hadithi.

Agosti kuna semina hapa Voi, walimu sitini. Nimepangwa kuwafundisha, na ile pumzi ya ukungu sijaielewa: inavutwa mikono ikipanda au ikishuka? Niandikie. Au njoo usimame kando yangu uwaonyeshe, mimi niseme. Mwishoni nitakutaja.

Ni mimi dada yako,
Prisca

Rukanga, 12 Julai 1974

Priscilla,

Salamu. Sisi wazima.

Jumatatu Bwana Nzioka alipita tena, akiwa na walimu wa shule mbili za jirani. Nilimwomba nusu saa. Niliwapeleka uwanjani pamoja na mwalimu mkuu wetu, nikampa kila mmoja kibuyu cha nusu. Maneno yangu ya kwanza yalitetemeka hata nikayasikia mimi mwenyewe. Kisha kibuyu cha Bwana Fanuel kikapiga kelele, watu wakacheka, naye akasimama bila kuambiwa, akavuta pumzi. Baada ya hapo sauti yangu ilikuwa sauti tu.

Mwishoni nilimpa mkaguzi kilichojaa pomoni. Akatembea nacho, akakitikisa, akakiweka sikioni.

“Hakisemi,” akasema. “Sasa mtoto atajuaje kwamba ana haraka?”

“Hatajua.”

“Haya umeyatoa wapi, mwalimu?”

Nikataja jina la nyanya yangu. Halafu langu.

Akatoa fomu ya semina mkobani akanipa. Ilikuwa na nafasi ya jina la mwalimu atakayefundisha, na chini yake nafasi ya msaidizi. Niliijaza ya kwanza kwa wino. Ya pili nilikaa nayo siku mbili, nikikumbuka kitanda chetu cha chuoni na blanketi tulilogawana. Nimeiacha wazi. Fomu niliitia posta jana.

Wakesho Mwandawiro,
Mwalimu, Rukanga