Samli Nimeificha

Mke wangu Zuleha,

Nimekwenda shamba Makurunge, nitarudi alasiri. Samaki wa kuchoma nimemfunika kwa kawa. Muhogo uchemshe bila tui. Samli usiitafute, ~~nimempa jirani~~ nimeificha.

Asubuhi uliusukuma kando uji usio na sukari, ukasema, "Nikikonda, Baba Mbaruku, watu watasema umeshindwa kunilisha." Kosa ni langu. Nilipokuoa ulikuwa mwembamba. Tukienda shamba kwa miguu ulinitangulia ukiimba, nami nahema nyuma. Kisha mama yangu akakunenepesha, na mimi barazani nikajisifia mwili wako kama kazi ya mikono yangu.

Lakini jana daktari alipokupima na kutaja kiharusi, nilimkumbuka dada yako Fatu alivyolala, nusu ya mwili haimsikii, mdomo umepinda. Basi watu waseme watakavyo.

Jioni vaa makubadhi, tutembee mpaka ufukweni. Polepole. Utanitangulia kama zamani.

Najua nitakukuta umenuna. Nuna tu, mke wangu. Ila ninunie kwa uso mzima.

Mumeo,
Baba Mbaruku