Vigae vya Jikoni na Macho Mapya ya Bibi Yako

Malindi, Mji Mkongwe,
Unguja.
Jumamosi, 9 Novemba 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Nadhira, mke wangu mdogo,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako nshaisikia kutoka huko Dar es Salaam, marahaba. Hujambo? Na huyo Sabri aliyeninyang'anya wewe, mzima? Na mke mwenzio, bibi yako Mwamvua, anaendeleaje tangu atolewe mtoto wa jicho? Mimi mzima, ila usingizi umenisusa.

Pokea habari njema. Ukuta wa jikoni, pale nyuma ya jiko, nimeuvisha vigae vya kioo kwa mkono wangu mwenyewe, kijani kama maji ya Bwejuu, wala hakuna hata kimoja kilichopinda.

Uongo. Kavibandika fundi Silima, mimi nlishika ndoo. Na sasa havimo ukutani, vimo kwenye beseni.

Barua hii nimempa Gharib wa kwenye boti akutie mkononi, maana simu yako unaiweka sauti ya juu na bibi yako husikia mpaka ninavyomeza mate. Zamani ningekwambia usimsomee tu, yakaisha. Sasa mwenyewe anaona. Ifiche.

Kisa ni hiki. Nyumba yetu unaijua, mawe na chokaa, na kwa vuli hii ukuta unatoka jasho kunishinda mimi. Silima alikwangua masizi, akapaka chokaa mpya, akasema, "Mzee, tusubiri ukauke."

"Wewe unasubiri ukuta, mke wangu anasubiri boti. Bandika!"

"Ukuta huu una chumvi. Usipokauka, vigae vitashuka vyenyewe vije kukuamkia."

Nikamwambia hata marehemu babu yake alikuwa mwoga hivi hivi. Akabandika. Jana nimekaa jikoni chini ya ukuta nakula, kigae cha kwanza hicho, tumbwi! ndani ya mchuzi wa papa. Kisha wenziwe wakafuata mmoja mmoja, kama watu wanaoikimbia hotuba ndefu. Jirani yetu Bi Chanchal akagonga ukuta: "Babu, unavunja vyombo au unaoa?" Nikamjibu vyote viwili.

Silima kavibandua vilivyobaki. Anasema ukuta hautakuwa tayari kabla ya Ijumaa. Na bibi yako, kwa ulivyonambia, kashikilia kurudi Jumatano.

Utasema, babu, ukuta tu huo. Sikiliza. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, aliniuliza kama ukuta umeshika moshi. Nikamwambia mweupe kama yai. Sikutaka apande kiti kuusugua akaanguka. Kila akiuliza, yai. Miaka yote hiyo kapika mbele ya ukuta mweusi kama tako la chungu, na kwa mashoga zake akijisifia.

Lakini nilipokiokota kile kigae kwenye mchuzi, nikaiona sura yangu ndani yake. Kibogoyo, masikio yameota majani. Ndipo moyo ukanipasuka. Maana bibi yako alikuwa akiniuliza na jengine: "Mume wangu, nshazeeka?" Nikamwambia wala, uko vile vile kama siku niliyokutoa kwenu Mkokotoni.

Nadhira, huko kwako kuna kioo bafuni. Keshajitazama? Kasema nini? Kanitaja? Nambie kweli, hata kama ni tusi.

La yai lilikuwa uongo. Hili la pili, Mungu shahidi yangu, ndivyo ninavyomuona. Lakini akiukuta ukuta mtupu umetoka magamba, ataniamini vipi katika hilo jengine?

Nisalimie Sabri, na shangazi yako Mwanamwema na wanawe. Bi Chanchal anakusalimu. Mungu akupe macho ya kuona mazuri ya watu na mdomo wa kufunika mabaya yao.

Sasa nilipe deni langu. Ile birika ya bibi yako, uliyoisahau motoni ukenda kucheza ikaungua mpaka ikatoboka, nani alijitia kuwa ni yeye? Nikanuniwa mwezi mzima kwa ajili yako. Basi mzuie mpaka Jumapili. Daktari usimsingizie. Mwambie hujui kupika pilau, abaki akufundishe. Huo si uongo, pilau yako nshaila.

Wako akupendaye, anayeupepea ukuta kwa kipepeo,

Babu Ubwa