Kamba ya Kahambu

Kétsia, acha kwanza hiyo kazi, usome.

Dada yangu Kahambu ametoka Masisi asubuhi na bidoni za maziwa, mu kamionete ya Papa Constantin. Redio si ilisema barrière zote za njia ya Goma, zile za kulipisha watu, zimetoka? Eti maziwa yetu ifike mbio, ishindane na ile ya ng'ambo ya mupaka.

Wanafika kwa barrière ya kwanza. Kamba ya kufunga njia hakuna. Mutu hakuna. Kibanda iko tupu!

Papa Constantin anataka kupita. Kahambu anamukamata mukono: «Simama! Ulishaona wapi barrière inaondoka bure? Wako mu migomba, wanatuangalia. Ukipita watasema tumetoroka.»

Akasimama. Nyuma yake lori ikasimama. Na ingine. Kila mutu anaona mwenzake amesimama, anawaza iko sababu.

Kétsia, WALINGOJA. Jua ikawa kali, maziwa ikaanza kuchacha.

Njo wanaume wawili wakatoka mu migomba kweli. Jembe mukononi! Walikuwa wanalima maharagi yao!

«Mama, munangoja nini?»

«Tunangoja mutufungulie.»

Mutufungulie! Hao wakaangaliana. Mumoja akaweka jembe chini pole pole.

«Uko na kamba?»

Na Kahambu akawapa!! Ile ya kufungia bidoni! Wakaivuta katikati ya njia mbele ya macho yake, wakasema: sasa mulipe.

Amerudi hapa na maziwa ya kuchacha, na yeye iko na furaha. Ananiambia: «Umeona? Nilisema wako mu migomba.»