Adhana ya Dar es Salaam Ndani ya Kompyuta ya Mabatini

Jumatano, katikati ya Ramadhani. Mvua ilinyesha tangu wakati wa daku mpaka jua lilipopanda, kisha mawingu yakasogea upande wa ziwa na mji ukabaki umeoshwa. Naandika haya baada ya futari, kabla sijatoka kwenda tarawehe, chai ikiwa bado ya moto. Mwili umechoka. Moyo haujachoka hata kidogo.

Leo nimeshinda.

Naliandika neno hilo kwa hadhari, maana mtu wa umri wangu amefundishwa kuogopa kujisifu. Lakini nimeligeuza kila upande na sioni jingine linalofaa. Alhamdulillahi, nimeshinda.

Nieleze habari tangu mwanzo, ili hata asiyetujua aielewe.

Msikiti wetu mdogo wa Mabatini, hapa Mwanza, ambako mimi ni mwalimu, una kompyuta moja. Tulipewa na mfadhili wa Dar es Salaam, Mungu amlipe kheri. Ilikuja ikiwa na programu ya nyakati za swala: huonyesha saa kwenye kioo na, wakati ukifika, huadhini yenyewe. Mfadhili alikuwa amekwisha kuichagulia mji, na mji aliouchagua ni wake. Hatukujali. Kompyuta ilikuwa ya kuandikia barua na matangazo asubuhi, na jioni ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Ramadhani hii Bi Zainabu, mwanamke msomi anayeishi Kisesa, nje kidogo ya mji, alikubali kuwasomesha kina mama kila siku kuanzia alasiri hadi magharibi. Anamuuguza mama yake na hawezi kutoka, kwa hiyo husomesha akiwa nyumbani, sauti yake ikitufikia kwa simu. Mwanzoni tuliishika simu hiyo mbele ya kipaza sauti, na maneno yakatoka yamekwaruza. Kina mama waliomba jambo bora zaidi. Tukaamua darsa ipite kwenye kompyuta, na kompyuta iunganishwe na spika za msikiti. Nyumba za hapa zimepandana mlimani, jiwe juu ya jiwe. Anayepika futari jikoni kwake husikia kila neno.

Sasa, jua la Dar es Salaam huchwa karibu nusu saa kabla ya jua letu. Hilo si elimu kubwa. Kila mtoto aliyepita mikononi mwangu analijua: adhana ya magharibi inayotoka redioni Dar si ya kwetu, usiifungulie. Nimelisema hilo kila Ramadhani ya maisha yangu ya ualimu.

Kwa hiyo tulijua kwamba programu ile lazima iondoke kabla ya darsa kuhamia kwenye kompyuta. Kazi hiyo aliifanya Mzee Idi, muadhini wetu na katibu wa msikiti, rafiki yangu tangu tukiwa na meno yote. Alilikamata folda la programu akalitupa kwenye pipa la takataka la kompyuta, akalimwaga na pipa lenyewe. Kompyuta ikalalamika kwamba kuna faili linatumika. Idi akabonyeza pa kuruka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiitikia kama maamuma.

Jana ilikuwa siku ya kwanza ya darsa kwa njia mpya. Mawingu mazito, kiza cha mapema. Bi Zainabu alikuwa katikati ya maneno yake, sauti safi kama yumo humo ukumbini, mara ikakatwa na adhana. Nzuri, ya taratibu, kutoka spika zile zile ambazo mtaa mzima unaziamini.

Watu wakafungua.

Nami nikafungua. Sitaficha. Mkono ulikwenda kwenye tende kabla akili haijauliza swali lolote. Nilikuwa naitafuna nilipotazama nje ya mlango na kuona mawingu yamepasuka, na majabali ya juu ya mlima yakiwa bado mekundu kwa jua. Jua zima, halijagusa ziwa. Tende ikawa kama changarawe kinywani mwangu.

Nilisimama kwenye kipaza sauti nikawaambia watu ukweli: jua halijachwa, aliyekula ajizuie mpaka adhana ya Mzee Idi, na siku hii tutailipa baada ya Sikukuu, nami nikiwa wa kwanza. Sijawahi kusema maneno mazito kuliko hayo mahali pale. Jamaa wakarudisha tende sahanini. Hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana.

Baada ya tarawehe kamati ilikaa. Uamuzi ulikuwa mfupi: kompyuta isiwashwe tena jioni, na darsa ya Bi Zainabu isimame. Sikuweza kuwalaumu. Funga ya watu si mahali pa majaribio. Hata hivyo niliomba siku moja. Wakanipa mpaka magharibi ya leo, na wakaniambia wazi kwamba darsa ya leo ndiyo itakuwa mtihani, na kwamba hautarudiwa.

Asubuhi, Idi nami tukaketi mbele ya kompyuta.

Kwanza tulikwenda kwenye orodha ya programu zilizowekwa. Jina la programu lilikuwepo, limetulia. Tukabonyeza pa kuiondoa. Kompyuta ikajibu kwamba faili la kuondolea halionekani. Bila shaka halionekani. Idi alikuwa amelitupa pamoja na folda. Basi tukaamua kuiweka upya ili tuiondoe kwa utaratibu. Kompyuta ikajibu kwamba programu hiyo tayari ipo, iondolewe kwanza.

"Yaani tukitaka kuitoa tuiweke, na tukitaka kuiweka tuitoe," alisema Idi. "Maalim, hii ni kesi ya mirathi."

Kuibadilishia mji tusingeweza, kwa kuwa dirisha lake halikufunguka tena. Kilichobaki hai ni kile kipande kinachoadhini, na hicho hakikuwa na mlango wa kubishia. Nilimpigia fundi mmoja wa mjini. Akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya, lakini foleni yake ni ya wiki nzima. Nikamshukuru, nikakata simu. Nikakaa nikiitazama ile kompyuta kwa chuki ambayo haimfai mtu aliyefunga.

Saa nne nikaenda kusomesha darasa langu la asubuhi. Somo lilikuwa tahara, mlango wa kuondoa najisi, ambao nimeusomesha mara nyingi kiasi kwamba huwa nausikiliza kwa sikio moja. Leo niliusikia kwa yote mawili. Kama najisi ina kiwiliwili, humwagi maji juu yake ukadhani umetwaharisha. Unaondoa kwanza kile kitu chenyewe. Kisha unafuatilia athari zake: ladha, rangi, harufu. Ikibaki athari ambayo ungeweza kuiondoa, hujatwaharisha, umelowesha tu.

Nikasimama katikati ya sentensi yangu mwenyewe.

Sisemi kwamba programu ya nyakati za swala ni najisi; Mungu apishe mbali. Nasema utaratibu ni ule ule. Sisi tulikuwa tumemwaga maji juu ya kitu kikiwa bado kipo. Hata kuiweka upya, ambako tulikuona ni dawa, kulikuwa ni kumwaga maji mengine.

Nilirudi kwa Idi. Nikafungua maelezo mtandaoni, nikayasoma polepole kwa Kiingereza changu cha kamusi, safari hii nikijua ninachotafuta: kiko wapi kitu chenyewe, na athari zake zimebaki wapi. Nikaifungua orodha ya vitu vinavyofanya kazi ndani ya kompyuta kwa wakati huo. Yule muadhini wa kompyuta alikuwemo. Jina fupi, kimya, anangoja magharibi ya Dar es Salaam. Nikamsimamisha.

"Umemzima?" Idi akauliza.

"Nimemzima."

Tukatazama. Baada ya muda mfupi jina likarudi pale pale.

"Maalim, huyu kafufuka."

"Chunga ulimi wako, Idi, umefunga."

"Nimefunga kula, sikufunga kuona."

Nilicheka, na kicheko hicho kilinisaidia. Maelezo yalieleza sababu: kulikuwa na agizo lililopangwa ndani ya kompyuta la kumwamsha kila anapozimwa. Nikaizima kompyuta nikaiwasha katika ile hali ya usalama, ambamo huamka na vitu vichache tu vya lazima. Huko hakuwa na wa kumwamsha. Nikalitafuta lile agizo, nikalifuta. Nikamtafuta yeye mwenyewe, nikamkuta katika folda la pili lililofichwa, ambalo Idi hakujua kama lipo na mimi sikujua kama linaweza kuwepo. Nikalifuta, na mara hii kompyuta haikulalamika kwamba kuna faili linatumika.

Kitu chenyewe kikaondoka. Zikabaki athari.

Athari zilikuwa kwenye sajili, yaani mahali ambapo kompyuta huandika habari za kila kilichowekwa ndani yake. Hapo ndipo jina lilipokuwa limebaki, na ndiyo sababu kompyuta iliendelea kuapa kwamba programu ipo. Maelezo yote yanaonya kuhusu sajili: ukifuta kisichohusika, kompyuta inaweza isiamke tena. Nilitoa nakala yake kwanza. Nikapiga bismillahi. Nikatafuta jina herufi kwa herufi, nikafuta palipokuwa na jina hilo kamili na si penginepo. Mahali pamoja palikuwa na jina linalofanana, Idi akaninong'oneza nimalize kazi. Nilikataa. Sikuwa na yakini napo, nikapaacha.

Nimeosha maiti bila hofu, na leo nimeogopa kibonyezo.

Tukaizima. Tukaiwasha. Ikaamka.

Orodha ya programu: jina halipo. Orodha ya vinavyofanya kazi: jina halipo. Idi alitaka tuishie hapo tukaswali adhuhuri kwa furaha. Nikamwambia bado. Nguo huionyeshi kwamba imetakasika kwa kuikunja. Unaitandaza juani ukaitazama. Na njia ya kuitandaza hii ilikuwa moja tu: tuiweke ile programu upya, tuone kama itakataa.

Haikukataa. Ilipomaliza kujiweka, ikafungua dirisha jeupe na kutuuliza swali moja: mko mji gani?

Siwezi kueleza vizuri swali lile lilivyoniingia. Ilituuliza kama mgeni anayepiga hodi kwa mara ya kwanza. Haikukumbuka Dar es Salaam. Haikukumbuka jana. Nikateremka kwenye orodha ya miji hadi chini kidogo, nikaubonyeza Mwanza, kisha nikaizima sauti yake moja kwa moja. Ionyeshe saa kwenye kioo. Kuadhini kuna mwenyewe.

"Kwa hiyo sijastaafishwa," akasema mwenyewe.

"Bado. Ukikohoa jioni nitafikiria upya."

Baada ya alasiri ukumbi wa kina mama ulijaa kuliko jana. Nafikiri wengi walikuja kuona tutaaibika vipi. Wazee wa kamati waliketi karibu na mlango, nyuso zao zikiwa za mahakama. Bi Zainabu alisalimu kutoka Kisesa.

"Shikamoo Maalim. Leo nisome mpaka mwisho, au nijiandae kukatwa?"

"Marahaba, binti yangu. Soma."

Akasoma. Sikumbuki somo, naomba anisamehe. Nilikuwa nimekaa nikihesabu pumzi zangu, macho yakiwa mlangoni, kwenye majabali. Magharibi ya Dar es Salaam ilifika. Niliijua kwa sababu redio ya duka la jirani iliadhini. Watu ukumbini waliinua vichwa wakazitazama spika. Mzee mmoja wa kamati alifumba macho.

Spika zikaendelea na sauti ya Bi Zainabu.

Hilo tu. Mwanamke akiendelea kufafanua habari ya subira, bila kujua kwamba watu wote walikuwa wanamsikiliza kwa namna hiyo. Hakuna aliyegusa tende. Idi, aliyekuwa amesimama kando ya kipaza sauti chake, alinigeukia akainua nyusi zake nyeupe, nami nikatazama chini kwa sababu uso wangu ulikuwa umenishinda.

Darsa ikaenda nusu saa nyingine ambayo jana iliibwa. Nje, wekundu ulipanda juu ya majabali taratibu, ukashika vilele, ukawa mstari mwembamba, ukatoka. Bi Zainabu akafunga kwa dua. Mzee Idi akaweka mkono sikioni, na sauti yake ya kikongwe, iliyokwaruza kidogo kwa kiu ya mchana, ikapanda mlimani nyumba kwa nyumba.

Mwenyekiti wa kamati alinipitia akielekea kwenye maji ya kufuturu. "Kesho darsa iko pale pale, Maalim," alisema, akapita.

Nina siku moja ya kulipa, na nitailipa mwanzoni mwa Shawali, nikiwa mtu mwenye furaha. Najiuliza jambo moja tu kabla sijaifunga shajara hii: ni mangapi mengine ndani yangu niliyadhani nimeyaondoa, kumbe nimeyalowesha tu? Nitaanza kuyatafuta kesho, kwa utaratibu ule ule, kitu kwanza kisha athari zake.

Leo lakini niacheni nifurahi. Nimekula tende yangu majabali yakiwa meusi.