Ukurasa Ulioniambia Niuruke

Hosteli ya Wasichana,
Ghorofa ya Pili, Chumba Na. 14.
9 Juni

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ulisema ngazi za karakana yenu ya friji zinalitesa, na najua bado unazipanda na sanduku la vifaa mkononi. Sisi ni wazima. Bibi siku hizi anasikia yale tu anayotaka kuyasikia. Mama anakohoa kidogo, akiulizwa anasingizia vumbi.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili nilijaza ukurasa kwa habari za mvua, nikauchana.

Unaikumbuka filamu niliyokutumia, ya yule mwanamume aliyefiwa na mkewe, akatengenezewa mashine yenye sura, sauti na kumbukumbu zote za marehemu. Mwalimu wetu wa falsafa alitaka tuandike insha: je, mashine ile ni mke wake au siye? Nilikwama. Nilikuwa nimepanga kadi zangu sakafuni kama kawaida yangu, dai karibu na dirisha, hoja katikati, pingamizi chini ya kitanda, hitimisho mlangoni. Zote zilikuwa na maneno isipokuwa za katikati. Mwenzangu wa chumba alizivuka akienda kuoga, akaniuliza kama siku hizi napiga ramli. Ndipo nilipokuomba uitazame na wewe, uniambie unaonaje.

Ukanijibu kurasa nne. Unajua kwamba nyumbani barua zako nazisoma kwa sauti, Bibi akiwa amenikalia ubavuni, ndiyo maana juu ya ukurasa wa tatu uliandika: "Profesa, huu uruke. Ni wako peke yako." Niliuruka. Bibi hakugundua kitu.

Mle uliniambia kwamba ule ujumbe wa sauti wa marehemu Mama Mdogo bado unao kwenye simu, wa kukuagiza balbu ya jikoni, na kwamba kila ukirudi kutoka kazini unausikiliza na kuujibu: nimeshanunua, mke wangu. Kisha ukaandika maneno ambayo sijawahi kuyakuta katika kitabu chochote cha darasani: "Mashine ile inakumbuka kila kitu, lakini bwana akichelewa haiudhiki. Mimi sina tena mtu wa kuudhika nikichelewa."

Niliyanakili kwenye kadi, nikaiweka katikati, na insha nzima ikasimama. Jina lako sikuliandika. Niliandika hivi: "Tuchukulie mzee mmoja, fundi, asiyejua falsafa, anayejibu ujumbe wa marehemu mkewe." Asiyejua falsafa. Niliyaandika hayo kwa mkono wangu, wino haujakauka kwenye kadi niliyonakilia maneno yako.

Jumanne mwalimu akaisoma insha yangu mbele ya darasa la watu arobaini. Alipofika kwenye balbu, mmoja wa nyuma akasema, "Mzee naye si anunue mbili, yaishe?" Darasa likaangua kicheko. Baba Mdogo, na mimi nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijafikiri, kisha kikaendelea baada ya kufikiri. Huko kuendelea ndiko kunakoninyima raha.

Mwalimu akanigeukia, akasema mfano ule nimeubuni vizuri mno, na kwamba insha itachapwa kwenye jarida la chuo. Nikasema asante.

Siku mbili nilijitetea moyoni. Nilijiambia kwamba sikukutaja, kwa hiyo nimekusitiri. Lakini ukurasa niliomficha Bibi, anayekupenda, niliwapa watu arobaini wasiokujua. Na kule kutokutaja hakukukusitiri wewe, kulinisitiri mimi. Nilichukua huzuni yako, nikachukua na akili yako, nikakuachia ufundi tu.

Jana nilimfuata mwalimu ofisini kwake. Nilimwambia mzee yule yupo, ni mdogo wake baba, na hoja yote ya katikati ni yake. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Hakunigombeza. Alisema, "Alama nazifuta. La kuchapa au kutochapa si langu wala si lako. Muulize mwenyewe."

Basi nakuuliza. Insha nimeiweka humu pamoja na ile kadi. Ukitaka itoke na jina lako, itatoka hivyo, na yale maneno ya "asiyejua falsafa" nitayafuta kwanza. Ukitaka ichanwe, nitaichana mwenyewe. Nimeshaanza nyingine, ni dhaifu, inachechemea, ila ni yangu. Mwalimu atangoja hadi mwisho wa mwezi.

Bibi anakusalimu na kusema uache kukonda kwenye picha. Mama anakusalimu sana. Wao sijawaambia. Nitawaambia ukinijibu, si kabla, maana nawajua watakuomba unisamehe, nawe huwezi kumkatalia Bibi. Sitaki usamehe kwa kuombwa.

Mungu akulinde, na goti lako likupandishe na kukushusha salama.

Usiniandikie haraka, "Si kitu, mwanangu, yamepita." Nigombeze kwanza. Ninunie ukitaka, hata mwezi mzima. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba anayeudhika yupo, na mimi nataka ujue kwamba nakujua upo.

Mwanao akupendaye, anayekuonea haya,
yule uliyekuwa ukimwita Profesa.