Magaga ya Baba

Shikamoo, Baba. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini situlii, bora niandike.

Hapa Kidodi maduka yamejaa siku hizi. Wakati ule mafuta ya kupaka yalikuwa ya kubahatisha, ukiyapata unayaficha. Sasa soko huria limeleta mafuta ya mgando ya kila aina, mengine yananukia kama pipi. Nikiyaona hasira zinanipanda. Yalikuwa wapi siku zote?

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka shambani umejaa masizi ya miwa iliyochomwa? Mama alikuchemshia maji ya moto, nami nikakusugua miguu kwa jiwe na sabuni ya mche mpaka ikapauka. Ulikuwa ukisema, "Sugua mwanangu, mke wa pili ananisubiri!" Mama anakurushia ndala. Hatukujua tunakukausha. Visigino vikapasuka magaga, na wewe, kama wakata miwa wenzako, ukaziba nyufa kwa nta ya mshumaa ili usikose hata zamu moja. Mshumaa niliushika mimi, Baba. Uchafu tukaufungia ndani. Mguu ukavimba, ukatunga usaha, homa ikakuchukua kabla hatujakufikisha hospitali.

Baada ya msiba, mganga wa zahanati alinieleza. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, usitembee peku. Ufa ukitoa damu, uoshwe, ufungwe kitambaa safi, uende ukatazamwe. Basi, ni hayo tu! Nililia kwa hasira palepale kwenye benchi.

Sasa ni Mama. Miwa yetu anaipalilia yeye, peku kama kawaida yake, na kisigino kimepasuka, chekundu, cha moto ukikigusa. Jana akaniomba mshumaa. Nilimfokea, Mama yangu mzazi, mpaka majirani wakachungulia. Akanitazama, akauliza taratibu, "Mbona baba yako ulimziba?"

Nilitoka nje nikaizunguka nyumba sijui mara ngapi.

Leo asubuhi ameninyooshea mguu. Nimeuosha, nikaufunga. Kesho tunakwenda zahanati, atake asitake, nimeshaomba baiskeli ya jirani.

Pumzika, Baba. Radhi siombi kwa karatasi. Siku Mama atakapoweza kutembea mwenyewe hadi kaburini kwako, nitakuja naye, nikuombe akisikia.

Mwanao,
Zena