Imwage Chupa ya Baba

S.L.P. 14,
Larteh,
9 Agosti 1984

Mpendwa mdogo wangu Asiedu,

Habari za Bremen? Natumai wewe na mkeo Animwaa mnaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepona, sasa anazunguka nyumba nzima akitugombeza kama zamani.

Mvua imenyesha ya kutosha na mahindi yamekubali. Yule jogoo uliyeniachia tulimla Pasaka. Usinune, alishazeeka, hata meno yetu yalichoka.

Sasa nisikilize. Ile chupa ya dawa ya homa ambayo Baba alimpa Mama Kwatiaa akuletee alipokuja huko, imwage. Animwaa asiionje hata tone. Ndiyo maana namkimbilia Bwana Teye, anayekuja huko, na barua hii kabla hajapanda ndege.

Si unajua maabara yetu inachunguza ule mzizi wa njano aliotupa Baba, ndio huo uliomo chupani? Wakubwa wangu wametoa kiini chake, unga kidogo tu, na kweli unaua vijidudu vya malaria. Baba alitamba mtaa mzima: "Mliniita mchawi, haya, oneni!" Lakini mwezi uliopita tuliwapa panya wenye mimba unga huo, na mimba zote zikaharibika. Kwa binadamu bado hatujui. Wanajaribu kukibadilisha kile kiini kiue malaria bila kudhuru kingine, na kazi hiyo ni ya miaka.

Nilipomweleza Baba, alifoka: "Panya! Mimi nimetibu watu, mwanangu, si panya!" Lakini angejuaje? Kwetu mimba haitajwi mpaka ijionyeshe yenyewe, na mganga haulizi. Mwanamke akija na homa anapewa mzizi, basi. Mimba ikitoka, watu husema ni husuda ya jirani. Nani angeunganisha mambo hayo?

Mimi niliunywa mara mbili, na mara zote mbili nilipoteza. Mume wangu tu ndiye aliyejua. Labda ni mzizi, labda ni homa yenyewe, lakini inaniuma, Asiedu, siwezi kukuficha.

Jana Baba alimwaga chungu chote cha dawa hiyo nyuma ya jiko, hakutaka kusaidiwa. Aliporudi aliniuliza, "Na wewe nilikupa, sivyo?" Nikamwambia sikumbuki.

Uliandika kwamba Animwaa ana homa na hataki hata harufu ya samaki. Jamani, mimi si mtoto. Mpeleke hospitali, na huko msione haya, semeni kila kitu. Mimi usinijibu kama yuko hivyo au hayuko. Niandikie tu kwamba chupa umeimwaga.

Mama, Baba na shangazi Oparebea wanawasalimu sana. Mungu awalinde wewe na Animwaa, na yule tusiyemtaja.

Dada yako akupendaye,
Asabea